Ukaguzi wa Mfungaji Bora

Chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya wanawake kilikuwa stoo ya mashine ya kukatia nyasi. Mashine yenyewe haikutolewa. Ilisukumwa hadi ukutani, ikafunikwa turubai, na wachezaji wakaambiwa wabanane upande uliobaki. Kulinuka petroli, nyasi zilizooza na soksi. Choo kilikuwa nje na hakikuwa na mlango. Mmoja akiingia, mwenzake alisimama mbele yake ametandaza jezi kama pazia. Siku za mechi, wanaume waliowahi kuja kushika viti vizuri walijifanya wanapita njia hapo, na wengine walipita mara tatu.

Jezi za mechi ya ufunguzi zililetwa kwenye kiroba. Vijana wa timu ya wanaume walikuwa wamezichezea juzi yake, wakazivua, zikafungwa humo zikiwa bado mbichi kwa jasho lao. Kiroba kilipofunguliwa, kila mtu alirudi nyuma hatua.

Komeo, kipa na kapteni wao, aliinyanyua moja kwa ncha za vidole viwili. "Hii imekufa lini?"

"Vaa tu, kapteni," alijibu Sindano, winga mwembamba asiyekosa neno. "Ukikimbia nayo itafufuka."

Wakacheka. Nyundo alicheka nao, lakini alipoivuta yake, namba tisa, aliona makwapa yameota ukungu. Akaishika mbali na uso, akavuta pumzi kama anayepiga mbizi, akaivaa kwa mpigo mmoja. Kitambaa kilikuwa cha baridi, kikamnata mgongoni kama kiganja cha mtu asiyemjua.

Siku hiyo alifunga matatu.

Jina la Nyundo alipewa na mashabiki kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Kabla ya kusajiliwa alikuwa akibeba matofali na saruji kwenye majengo, ngazi kwa ngazi, na kazi ile ilimpa mabega mapana na mikono iliyosokotwa kama kamba. Kifua chake kilikuwa bapa, sauti nzito. Akipiga simu mahali, upande wa pili humwita kaka. Hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Kwao wanawake wote wana sauti nene. Mama yake akiita mtoto, mtaa mzima hugeuka.

Klabu ilikuwa ya Mwenyekiti, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mwenye kitambi na kijiti cha meno ambacho hakikutoka mdomoni hata akizungumza. Kabla ya msimu wao wa kwanza alikuja kuwaona mara moja tu. Alisimama mlangoni mwa stoo, leso puani.

"Tusidanganyane," alisema. "Kanuni za shirikisho zinasema timu ya wanaume haipewi leseni kama klabu haina timu ya wanawake. Ndiyo maana mpo. Mkishinda, vizuri. Mkifungwa, sitakosa chakula. Ninachotaka ni msiniletee maneno." Akakihamisha kijiti upande wa pili. "Na la mwisho. Sitaki mimba, sitaki mambo ya kunyonyesha. Mimi sikufungua kliniki. Mwenye mtoto aseme sasa hivi, aende akalee kwa amani."

 Nyundo alitazama kucha za miguu yake. Mtoto alikuwa naye, wa kike, mwenye maneno mengi mpaka wakamwita Chiriku. Alimzaa kwa upasuaji, na baba yake mtoto alibadilisha namba ya simu kabla mshono haujakauka. Chiriku alilelewa na bibi yake. Kwa kuwa siri ikikaa mdomoni mwa mtoto haina maisha, walimfundisha mapema: bibi amwite Mama, na Nyundo amwite Dada. Ilikuwa iwe hivyo msimu mmoja tu. Huu ulikuwa wa tatu.

Msimu ule timu iliwaka. Walishinda nyumbani, wakashinda ugenini, wakatoka sare na timu ambayo hawakuwahi hata kuifunga goli. Kocha, mchezaji wa zamani mwenye goti bovu na roho laini, alianza kuchana nywele siku za mechi. Watu wakaanza kuja. Kwanza wauza maji na ndugu wa wachezaji, kisha mitaa mizima na ngoma zao. Nyundo alifunga mpaka watangazaji wa redio wakachoka kutafuta maneno.

Na kadiri alivyofunga, ndivyo lile neno lilivyokua.

Lilianzia kwenye benchi la wapinzani, mtu mmoja akijifunika mdomo kwa kiganja: "Dume hilo!" Mechi iliyofuata walilisema watano. Mwisho wa mzunguko wa kwanza lilikuwa na wimbo na makofi yake: mvueni, mvueni tumwone. Mwamuzi mmoja, kabla ya kupuliza filimbi, alimpapasa kifuani akisema anakagua kama amevaa cheni. Alipapasa zaidi ya cheni ilivyohitaji. Nyundo alikwenda kwa Kocha mapumziko yalipofika.

"Wewe funga tu," Kocha alimwambia, akiangalia ubao wa matokeo. "Ukifunga, wanajibiwa."

"Amenishika, Kocha."

"Nimesikia. Sasa tukimshtaki mwamuzi leo, kesho nani atatuchezesha?"

Akarudi uwanjani akafunga. Alipokimbilia kibendera cha kona, mtu alimrushia chupa. Ndani haikuwa na maji. Ilimpasukia begani, ya uvuguvugu, ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na Sindano akaja kumfuta kwa nyasi huku akitukana mpaka sauti ikamkauka.

Kilichoharibu mambo ni mechi na timu ya Makamu. Makamu wa rais wa shirikisho alikuwa na timu yake mwenyewe, iliyozoea kombe kama mtu alivyozoea kiti chake sebuleni. Nyundo aliifunga mawili mbele yake, la pili kutoka mbali, mpira ukagonga mwamba na kuingia na chokaa ya mstari.  Makamu alipiga makofi kidogo, polepole, akiwa amekaa.

Rufaa ilifika kabla wiki haijaanza vizuri. Ilisema namba tisa si mwanamke.

Mwenyekiti aliwaita Nyundo na Kocha ofisini, nyuma ya duka, katikati ya mabomba na makopo ya rangi.

"Kaa, binti yangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Hili ni jambo dogo. Unaonekana na daktari wa shirikisho dakika chache, imekwisha. Ukikataa watasema unaficha. Wewe una cha kuficha?"

Nyundo alifikiria kovu lake. "Sina, Mwenyekiti."

"Basi."

"Lakini wale kumi na mmoja wa timu ya Makamu hawaonwi. Kwa nini mimi peke yangu?"

"Kwa sababu wale wanafanana na wanawake," alisema Mwenyekiti, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei ya misumari. Akamgeukia Kocha. "Si ndiyo?"

Kocha alilishika goti lake bovu akalisugua. "Ni utaratibu tu," alisema.

Komeo alimsindikiza mpaka makao ya shirikisho. Mlangoni wakamzuia. Katibu mmoja mwenye tai alisema kamati haina nafasi ya watazamaji, akafunga mlango.

Nyundo alitarajia zahanati. Kilikuwa chumba cha mikutano. Meza ndefu, viti vya ngozi, mapazia yasiyokutana katikati, na kabati la vioo lenye vikombe. Kile cha ligi ya wanawake kilikuwa chini kabisa, bado kimo kwenye nailoni. Daktari alikuwa amesimama kando ya begi lake, mzee mwenye haraka. Makamu, katibu na Mwenyekiti walikuwa wameketi. Makamu alikuwa anakula karanga kutoka kwenye sahani, anazisugua kwa viganja, anapuliza maganda.

"Vua, panda mezani," alisema daktari.

Nyundo aliwangoja wale watatu wasimame. Hawakusimama.

"Naomba watoke," alisema.

"Sisi ni kamati," alisema Makamu. "Kamati ikitoka, ukaguzi unakuwa umefanywa na nani?"

"Daktari si yupo?"

"Mwenyekiti, mchezaji wako ana maswali mengi."

"Nyundo," Mwenyekiti alimwambia kwa sauti ya chini, ya upole, ya mtu anayemtuliza mnyama aingie zizini. "Usituaibishe. Timu nzima inakutegemea wewe."

Akavua. Alikunja nguo zake vizuri sana, kingo kwa kingo, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Alipolala, maganda ya karanga yalimnata mgongoni. Alikitazama kikombe ndani ya nailoni, akawa anasoma majina ya mabingwa wa zamani, na alipofika chini alirudi juu. Glavu zilikuwa za baridi. Daktari aliguna, akaandika, akaguna. Upande wa pili wa meza mtu aliendelea kutafuna. Mtu mwingine akauliza kitu kwa kunong'ona, na wakacheka puani, kicheko kifupi cha watu wanaojua hawapaswi kucheka. Nyundo alisikia mate yamemjaa mdomoni. Hakuyameza. Hakutaka chochote cha chumba kile kishuke ndani yake.

Kisha daktari akasimama wima.

"Hili kovu la upasuaji," alisema. "Huyu amezaa."

Kutafuna kukakoma.

"Unasema?" aliuliza Makamu.

"Nasema amezaa. Mwanamke kama mkeo. Nimemaliza, nina wagonjwa."

Nyundo aligeuza shingo kumtafuta Mwenyekiti. Alitarajia kuona furaha, au hata nafuu. Mwenyekiti alikuwa amekitoa kijiti mdomoni, mara ya kwanza Nyundo kumwona akiwa hana, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Amezaa?" alisema. "Huyu? Nilisema mwenye mtoto aseme, huyu hakusema."

Nje, Komeo alimkuta ameinama kwenye mfereji wa maji machafu, anatema, anatema tena.

"Wamesemaje?"

"Nipanguse mgongo. Kuna maganda. Yatoe."

"Maganda ya nini?"

"Yatoe tu, Komeo."

Walingoja tangazo. Redioni walisema kamati inaendelea na uchunguzi. Wiki iliyofuata walisema uchunguzi bado, ila kwa sababu ya uzito wa suala, mchezaji amesimamishwa, magoli yake yamefutwa, na klabu imepokonywa pointi zote za mechi alizocheza. Mtangazaji alifanya mzaha kuhusu ndevu. Watu wakapiga simu studio kuchangia.

Nyundo alikwenda kwao. Mama yake alikuwa uani anafua, mgongo umeinama kwenye beseni, na hakuinuka kumsalimia; alimpa kona ya shuka wakamue pamoja. Walikamua mpaka maji yakaisha.

"Umekula?" aliuliza mama.

"Sina hamu."

"Majirani walikuja. Wanasema wameleta pole. Mmoja akaniuliza nilipokuzaa mkunga alisema nini." Mama alilitupa shuka kwenye kamba kama anamchapa mtu. "Mwanangu, acha huo mpira."

"Sijafanya kosa, mama."

"Kwani nimesema umefanya?"

Chiriku alitoka ndani mbio, kisha akasimama kabla ya kumfikia. Kwa kawaida alimrukia mpaka shingoni. Leo alilikunja pindo la gauni, akaliingiza mdomoni, akalitoa.

"Dada, wenzangu wamesema wewe si dada. Wewe ni kaka. Kweli?"

Mama aliacha kufua. Nyundo alipiga magoti kwenye matope ya sabuni ili nyuso zao zilingane. Alikuwa ameyahifadhi maneno hayo misimu mitatu, kwa siku nzuri, siku ya nguo mpya na kupiga picha.

"Mimi si kaka," alisema. "Wala si dada. Mimi ni mama yako. Nimekuzaa mimi."

Chiriku alimtazama. Akayatazama mabega, mikono, akarudi usoni. Akacheka, kicheko cha wasiwasi cha mtoto anayehisi anataniwa, akakimbilia kwa bibi yake na kuishika sketi yake iliyolowa.

"Mama ni huyu," alisema. Bibi alipogeukia beseni, mtoto alianza kulia.

Kesho yake Nyundo alikwenda dukani kwa Mwenyekiti bila kuitwa. Alimkuta anakagua shehena ya mabati. Alimfuata mlolongo mzima wa mabati, yeye anaongea, Mwenyekiti anahesabu.

"Mwenyekiti, daktari amesema. Umesikia kwa masikio yako. Kwa nini hamtangazi?"

"Nyundo, nikuulize. Timu ya wanaume inachezea wapi mechi zake?"

"Imefungiwa uwanja. Mashabiki wake waling'oa viti."

"Ilikuwa imefungiwa. Jumamosi wanarudi nyumbani." Aligonga bati kwa kidole, likalia. "Unadhani Makamu alilifungua lile geti kwa sababu ananipenda?"

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa hakupaza sauti. "Umeniuza."

"Kukuuza? Nani angekununua?" Mwenyekiti aliangalia huku na huku, kisha akamsogelea, na pumzi yake ilikuwa ya kitunguu na kijiti kilichotafunwa. "Kwamba wewe ni mwanamke, mimi najua. Daktari anajua. Makamu anajua. Mama yako anajua. Sasa unataka nani mwingine ajue? Wa redioni? Wale watasahau. Jumapili kutakuwa na jingine."

"Nitakwenda kusema mwenyewe. Nina mtoto. Nitamwonyesha."

"Nenda. Na ukishamwonyesha, utakuwa umewaambia wote kwamba ulinidanganya. Mkataba wangu unakataza watoto; umeuvunja mwenyewe, kwa kinywa chako." Alimpiga begani, bega la misuli kama la mwanamume mwenzake. "Unaona ulivyo? Wao wanasema wewe si mwanamke. Mimi shida yangu ni kwamba umekuwa mwanamke kupita kiasi. Nikusaidieje?"

Siku ya mechi ya mwisho Komeo alisimama katikati ya stoo akawaambia wenzake wasiingie uwanjani. Alikuwa na sauti ya kuamrisha mabeki, na kwa dakika chache ilifanya kazi. Walikaa chini wote na viatu vyao mkononi. Kisha Kocha akaingia. Hakufoka. Alisema, macho yakiwa kwenye turubai la mashine, kwamba Mwenyekiti ana majina ya wasichana wengine wa kutosha, wapo nje getini, na wana viatu. Akatoka. Mmoja akaanza kufunga kamba. Mwingine akafuata. Komeo ndiye aliyekuwa wa mwisho, lakini alizifunga.

Nyundo aliyasikia hayo kwa Sindano baadaye. Mechi yenyewe aliitazama akiwa nyuma ya wavu wa uzio, amevaa kofia, kati ya muuza sigara na kijana aliyekuwa akiimba mvueni kwa mazoea tu, maana hakukuwa na mtu wa kuvuliwa. Timu yake ilishinda. Kombe lilikuwa kwenye uwanja mwingine, tayari limetolewa nailoni, likapewa timu ya Makamu. Tuzo ya mfungaji bora ilikwenda kwa msichana wa huko aliyefunga nusu ya magoli ya Nyundo. Waandishi walipomuuliza amejisikiaje, msichana yule alisema anamshukuru Makamu.

Komeo alipita karibu na uzio akiwa na glavu kwapani. Waliangaliana. Komeo aliinama kama anayevuta soksi, na alipoinuka alielekea stoo.

Klabu nyingine zilimwambia zitampigia. Alirudi kwenye majengo. Nyapara aliyemfahamu tangu zamani alimtazama juu mpaka chini, akaita wenzake: "Njooni, si yule wa redioni?" Wakaja na makoleo yao. Mmoja aliuliza kama alipwe posho ya mwanamume au ya mwanamke, wakaangua kicheko, na mwingine, mzee, mtu ambaye Nyundo aliwahi kumbebea matofali alipoumwa mgongo, akasema wakubaliane kwanza atajisaidia upande gani. Nyundo alitua mfuko wa saruji chini, polepole usipasuke, akaondoka.

Mwenyekiti alimpigia simu msimu mpya ulipokaribia. Sauti ilikuwa ile ya binti yangu.

"Mimi si mnyama," alisema. "Nimekutafutia kazi. Shirikisho limetoa agizo baada ya lile sakata lako: kila klabu ikague wachezaji wake wote kabla ya ligi. Wote, hakuna upendeleo. Wewe si ulilalamika kwamba ulikaguliwa peke yako? Sasa wanataka awepo mwanamke mlangoni. Wa kuwapokea, kuwatuliza. Nikasema, nani atafaa kuliko Nyundo? Wewe umeshapita."

Alikata simu. Akaenda kutapika, au alijaribu. Hakukuwa na kitu tumboni. Mama yake alimletea maji, akasimama na kikombe. Ndani, Chiriku alikuwa anakohoa kile kikohozi kilichokuwa kimeanza na mvua na ambacho dawa ya dukani ilikuwa imeshindwa nacho. Alikuwa hajamwita Mama. Hata Dada alikuwa ameacha kumwita. Akimhitaji, alisema "wewe".

Asubuhi ya ukaguzi Nyundo alivaa blauzi na sketi. Alipompigia kukubali, Mwenyekiti alikuwa amesisitiza sketi.

Klabu ilikuwa imepaka rangi chumba kizima upande wa ofisi. Kilikuwa na mlango unaofungwa kwa ufunguo, pazia zito, taa nyeupe, kitanda cha chuma, na sinki inayotoa maji. Ndani daktari alikuwa ananawa. Viti vitatu vya wageni vilikuwa vimepangwa ukutani, na kwenye viti watu walikuwa wameshakaa. Nyundo aliwatambua kwa sauti, maana hakugeuka kuwatazama. Mmoja alikuwa anaulizia soda, ya baridi. Nyundo alipewa taulo, jipya, bado lina karatasi ya duka, na akaonyeshwa pa kusimama: nje, kando ya mlango.

Kwenye korido wachezaji walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye ngazi. Wengi walikuwa wageni, wanawake wa mitaa na miji mingine waliokuja na mabegi yao, mmoja na maziwa yamemchora madoa mawili kwenye fulana, amekumbatia kifua yasionekane.  Mbele kabisa alisimama Sindano.

Sindano alimtazama usoni, akashuka kwenye blauzi, kwenye sketi, kwenye taulo. Nyundo alingoja neno. Sindano hakuwahi kukosa neno.

"Na wewe umo?" alisema hatimaye.

Nyundo alitaka kumweleza habari ya kikohozi, ya nyapara, ya simu. Alitaka kumwambia asivue chochote, ageuke, wateremke ngazi pamoja. Mdomo ulikuwa umejaa mate.

"Wako wangapi humo?" aliuliza Sindano.

"Wanne."

"Daktari ni mmoja?"

"Mmoja."

Ndani kiti kilisogezwa. "Anayefuata!" mtu aliita.

Sindano aliinama akaanza kufungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine, taratibu, bila kuangalia mikono yake inafanya nini. Alikuwa anamwangalia Nyundo. Nyuma yake mstari mzima ulikuwa unamwangalia Nyundo, mpaka kwenye ngazi, wakingoja aseme wafanye nini, na yeye taulo likiwa limemwelemea mkononi, karatasi ya duka ikimkwaruza kiganja.

"Nimesema anayefuata!" sauti iliita tena, safari hii kwa kukereka. "Huyo mama wa mlangoni amelala?"